Mota ya trimu ya Ray Allen: chukua fupi, kisha pima mkono

Kati ya vifaa vyote vinavyoingia kwenye mkia wa ndege ya kujijengea, mota ya trimu, ile inayosogeza kibawa kidogo cha kumpunguzia rubani nguvu ya kushika fimbo ya kuongozea, ndiyo ndogo kuliko vyote, na ndiyo inayonunuliwa bila kufikiriwa sana. Inaenea kwenye kiganja, ina waya tano, na ukiiunganisha na betri inasogea papo hapo. Basi mjenzi huagiza yenye mwendo mrefu kuliko zote, kwa hesabu kwamba ziada haimwozei mtu. Hapa ziada inaoza. Kibawa cha trimu kinachokwenda mbali kuliko mahitaji ya ndege ni mkono wa pili kwenye fimbo yako, mkono usiochoka.

Tathmini hii ni ya mota za umeme za kampuni ya Ray Allen ya Marekani, zile ambazo wajenzi wa ndege za RV, ndege za kujijengea za kampuni ya Van's Aircraft, wamezizoea. Tumeiandika kwa ajili ya mtu anayejenga akiwa Tabora au Kigoma, ambako kipuri kilichokosewa hakirudishwi dukani jioni ileile.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu kazi yenyewe. Kibawa cha trimu kimefungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa elevata, sehemu ya mkia inayopandisha na kushusha pua ya ndege. Kikishuka, hewa inakisukuma juu pamoja na elevata nzima, mkia unakwenda chini na pua inapanda. Kikipanda, pua inashuka. Tabora hadi Kigoma ni karibu kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Kwa ndege ya noti 110 (maili 110 za baharini kwa saa) hiyo ni saa moja na dakika arobaini na ushee. Bila trimu, muda wote huo bega ndilo linalobeba tofauti ya uzito wa mafuta na abiria. Kwa hiyo kifaa kinahitajika, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kiasi cha mwendo.

Mota zenyewe zinakuja kwa vipimo vitatu vya mwendo na namba ya modeli inasema yote: T2-7A inasogea inchi 0.7 (milimita 17.8), T2-10A inchi 1.0 (milimita 25.4), T3-12A inchi 1.2 (milimita 30.5). Waya mbili nyeupe ni za mota. Ukizibadilishana, mota inageuza upande. Tatu zilizobaki ni za kipima nafasi: yenye rangi ya chungwa hupokea umeme, ya bluu ni negativu, na ya kijani hurudisha taarifa kwenye kioo cha rubani kinachoonyesha nafasi. Ndani kuna swichi zinazokata umeme mota ikifika mwisho wa njia, kwa hiyo haijiunguzi ukisahau kidole kwenye kitufe.

Mazuri yake ni ya kweli. Ni nyepesi, jambo la maana sana mkiani, kwa sababu kila gramu ya nyuma inadaiwa na kitovu cha uzito. Haihitaji kebo ndefu ya kupita katika mwili mzima wa ndege. Ukikata umeme inabaki palepale ilipo, hewa haiirudishi nyuma. Kwa kazi ya kusukuma na kushikilia hatuna lawama.

Lawama zinaanza pale mjenzi anapodhani zile swichi za ndani ni kikomo cha usalama. Siyo. Ni kikomo cha kulinda mota. Hazijui ndege yako ina mkia wa ukubwa gani wala kibawa chako kina upana gani, na hazirekebishiki. Kinachoamua kibawa kitapinda digrii ngapi ni urefu wa mkono uliofungwa kwenye kibawa, ule ambao rodi ya mota inausukuma. Mkono mfupi, pembe kubwa. Mkono mrefu, pembe ndogo. Hesabu yake ni ya darasani: nusu ya mwendo wa mota gawanya kwa urefu wa mkono, kisha tafuta pembe ambayo saini yake (sin kwenye kikokotoo) ni jibu hilo.

Chukua T2-7A. Ukiifunga kwenye mkono wa milimita 20, kibawa kinakwenda digrii 26 kila upande. Mkono wa milimita 25 unatoa digrii 21. Wa milimita 30 unatoa 17. Sasa weka T2-10A kwenye mkono uleule wa milimita 25: digrii 30 na nusu kila upande, jumla 61. Ili mota hiyo ndefu irudi kwenye digrii 18 hivi, mkono lazima ufike milimita 40, na mkono wa milimita 40 chini ya kibawa chembamba ni kitu kinachoning'inia kwenye upepo, kinachotikisika na kinachopenda kupinda. Ndiyo maana kwa ndege ndogo ya viti viwili tunapendekeza T2-7A, isipokuwa mchoro wa mbunifu umetaja nyingine waziwazi. Mchoro ukitaja, fuata mchoro, mbunifu ameshairusha.

Pembe za pande mbili hazitakiwi kulingana. Upande wa pua juu unahitaji zaidi, kwa ajili ya kutua flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa zimeshuka zote na uzito ukiwa mbele. Upande wa pua chini unahitaji kidogo tu, kiasi cha kushikilia kasi ya juu uzito ukiwa nyuma. Mota yenyewe inakwenda sawa pande zote, lakini ukibadili urefu wa rodi kwa milimita 2, ile T2-7A kwenye mkono wa milimita 25 inatoa digrii 26 kibawa kikishuka na 16 kikipanda. Kama rodi ina uzi wa 4-40, mzunguko mmoja ni milimita 0.635, kwa hiyo mizunguko mitatu inakufikisha pale. Zungusha nusu nusu, upime kila mara. Na kabla ya kufunga nati ya kukazia, hakikisha uzi ulioingia ndani ya kichwa cha rodi ni wa kutosha. Rodi iliyorefushwa hadi ikabakiwa na uzi wa mizunguko miwili mitatu ni rodi inayosubiri kuchomoka.

Upimaji wenyewe una makosa yake ya kawaida, na kubwa ni kupima kibawa dhidi ya sakafu. Sakafu za karakana nyingi hazina usawa, na hata ingekuwa nao, pembe unayoitaka ni ya kibawa dhidi ya elevata. Ibane elevata katikati kwa vibao viwili na jiliwa ndogo, vikiwa vimevikwa mpira ili bati lisikwaruzwe. Weka kipimapembe cha dijitali juu ya elevata, kiandike sifuri hapo, ndipo ukihamishie kwenye kibawa. Vile vipimapembe vya mafundi wa aluminiamu na makabati vinatosha kabisa. Sumaku yake haitashika bati la ndege, kwa hiyo tumia gundi ya karatasi ya pande mbili. Pima mara tatu kila mwisho. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu digrii, tatizo haliko kwenye kipimo, kuna kitu kinacheza.

Halafu fungua zile jiliwa, peleka elevata juu mpaka mwisho na trimu mpaka mwisho, kisha chini vivyo hivyo. Michanganyiko ni minne na yote inajaribiwa. Tafuta rodi inayogusa ukingo wa tundu, mkono unaokwangua bati, waya unaovutika. Mara nyingi mgusano hutokea kwenye mchanganyiko mmoja tu, elevata juu kabisa na kibawa chini kabisa, na huo ndio utakaoukuta ukitua na flapu zote.

Suala la upande wa kitufe linaonekana dogo mpaka siku likutokee hewani. Mtu mmoja akae kwenye kiti, abonyeze pua juu. Mwingine asimame nyuma ya mkia na aseme kwa sauti anachokiona. Kibawa kinatakiwa kishuke. Watu wenye akili timamu kabisa wamefunga waya kinyume kwa sababu kichwani mwao "juu" ni kibawa kupanda. Rudia zoezi hilo kila mara waya za mkiani zikiguswa, hata kama zimeguswa kwa kusafishwa tu.

Tufike kwenye umeme, maana ndiko trimu inakokimbilia bila amri. Ukitumia swichi ya njia mbili inayorudi katikati yenyewe, ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye mota, waya zote mbili nyeupe huwa wazi wakati haubonyezi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa umeme, mota haiendi popote kwa sababu upande wa pili hauna pa kutokea. Ukitumia relei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme, mambo yanabadilika. Kwa mpangilio wa kawaida wa relei mbili, zikiwa zimetulia waya zote mbili za mota zinakaa kwenye negativu, na swichi ya kwenye fimbo huivuta relei kwa kupeleka negativu. Maana yake waya mwembamba wa swichi, uliopita ndani ya fimbo inayotikiswa kila siku, ukichubuka na kugusa chuma cha ndege, relei inavuta na trimu inaondoka. Meno ya relei nayo hugandana. Kama ndege yako ina fimbo moja tu yenye kitufe, sioni sababu ya relei hata kidogo. Relei zinahitajika pale rubani wawili wote wanapotaka vitufe.

Kwa mpangilio wowote ule, weka fyuzi ya trimu peke yake, ampea 1 hadi 2, na kando yake swichi ya kukata iliyo mahali ambapo mkono wa kushoto unaifikia bila macho. Isiwe katikati ya safu ya swichi zinazofanana. Sakiti breka ya kuvuta ni nzuri zaidi kama ina kichwa cha rangi.

Ukitaka kupunguza mwendo upande mmoja tu bila kugusa mkono wala rodi, ongeza swichi ya kikomo ya nje. Iwe ya aina inayopitisha umeme ikiwa haijaguswa na kuukata ikibonyezwa, iwekwe kwenye waya mmoja mweupe, na dayodi ya 1N4001, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ipite kando yake. Kibawa kikifika unapotaka, swichi inakata. Ukibonyeza kurudi, umeme unapita kwa dayodi. Dayodi ikifungwa kinyume, swichi haitazuia chochote upande unaoutaka, na mota ikigeuza itagoma kurudi. Jaribu kwa kidole: mota ikiwa inatembea bonyeza kile kiswichi, lazima isimame, ukiwa bado umekibonyeza, rudisha, lazima irudi. Mafundi redio wa mjini wana dayodi hizo kwenye kopo, na risasi ya kuchomelea wanayo.

Kasi ya mota ndiyo kasoro tunayoiona kubwa zaidi kwa mtumiaji. Ni ileile ndege ikienda noti 70 au noti 140, ila nguvu ya hewa haiko hivyo: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Mguso uliokuwa laini wakati wa kutua unageuka teke kwenye mwendo wa safari. Kidhibiti kasi kinasaidia. Nunua kinachokatakata umeme kwa haraka, sio kinachoshusha volti tu, kwa sababu volti ikishuka sana mota inapungukiwa nguvu pale unapoihitaji. Kipime chini kwa saa ya sekunde, toka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa halafu ikiwa inachaji. Andika zote mbili.

Sasa swali lenyewe: salama ni kiasi gani? Jibu halimo kwenye digrii, limo mkononi. Kwa ndege ndogo zilizothibitishwa, kanuni za Marekani kwa muda mrefu ziliweka ukomo wa nguvu ya mbele na nyuma: ratili 60 kwenye fimbo kwa muda mfupi, kama kilo 27, na ratili 10, kilo 4.5, kwa kushikilia muda mrefu. Kilo 27 ni nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50 na zaidi kidogo. Ndege ya kujijengea haibanwi na namba hizo, na wala usizikaribie ile ya kwanza. Lenga hivi: trimu ikiwa imekwama mwisho kabisa, upande wowote, ndege ikiwa kwenye kasi ya mzunguko wa uwanja, mkono mmoja uweze kuishikilia kwa kilo zisizozidi 9 hivi. Ukiweza kwenda chini ya hapo bila kukosa trimu ya kutua, nenda.

Kipimo cha kilo hizo kipo kila soko. Mizani ndogo ya kuning'iniza yenye ndoano, ile wanayopimia samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, Kigoma, ndiyo hiyohiyo. Ilinganishe kwanza na dumu la maji la lita 5, ambalo maji yake ni kilo 5, utoe uzito wa dumu. Funga kitanzi cha utepe katikati ya mshiko wa fimbo, uvute kwa ndoano.

Hewani, panda angalau mita 1,000 juu ya ardhi, kasi ya kukaribia kutua, trimu ikiwa sawa. Bonyeza sekunde moja pua juu, shikilia, pima, rudisha. Sekunde mbili. Sekunde tatu. Usiruke hatua kwa sababu ya kwanza imekuwa rahisi. Upande wa pua chini ufuate, halafu ongeza noti 10 na kurudia. Mizani ikifika kilo 9 kabla ya mota kufika mwisho, shuka chini: mwendo ni mkubwa, rudi kwenye urefu wa mkono. Mizani isimamiwe na mtu wa pili kama ndege inaruhusu kuwa na mtu wa pili. Kama hairuhusu, kadiria kwa mkono na upime chini baadaye kwa kuvuta fimbo iliyofungwa hadi uhisi uzito uleule.

Kinyume chake nacho hutokea. Ukifika mwisho wa pua juu, flapu zote chini, rubani peke yake na mafuta kidogo, na bado unavuta fimbo zaidi ya kilo 4 na nusu, umebana mno. Punguza mkono kwa milimita 2 au sogeza rodi, usikimbilie mota ndefu.

Kuna jambo ambalo watu wa trimu ya umeme hulisahau kwa sababu mota imewapa imani: kucheza kwa kibawa. Shika ukingo wa nyuma wa kibawa kwa vidole viwili, elevata ikiwa imebanwa, utikise. Kigezo cha zamani cha Marekani cha kuzuia mtetemo wa mkia ni kwamba jumla ya kucheza ukingoni isizidi asilimia 2.5 ya upana wa kibawa kuanzia kwenye bawaba. Kibawa cha milimita 100, basi milimita 2.5. Mimi ningesimamisha ndege kwenye nusu ya hapo. Septemba 16, 2011, huko Reno, Marekani, ndege ya mashindano ya P-51D iliyorushwa na Jimmy Leeward ilianguka na kuua watu 11 akiwemo yeye. Wachunguzi walikuta nati za kukazia za kibawa cha trimu cha elevata zimechakaa, skrubu zikalegea, kibawa kikatetemeka mpaka kikavunja kiungo chake. Kwetu, nati yenye plastiki ndani ni ya kutumika mara moja. Ikifunguliwa, inatupwa.

Na Tabora ina hesabu yake katika hilo. Mtetemo hufuata kasi ya kweli ya hewa, siyo ile inayosomeka kwenye kioo cha kasi. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari; siku ya Oktoba yenye joto la digrii 32, noti 140 za kwenye kioo ni takriban noti 155 za kweli, na hapo bado hujapanda. Anayeijaribu ndege hadi kasi yake ya mwisho afanye hivyo akijua anasoma kioo kinachompunguzia.

Vumbi la kiangazi la Tabora linaingia kwenye tundu la rodi na kushikamana na grisi. Usipake grisi nyingi kwenye rodi ya nje. Ifute kavu kila saa 25 za kuruka. Kigoma, unyevu wa ziwa unashambulia viunganishi. Waya hizi ni nyembamba, geji 26, na zinakatikia pale zinapotoka kwenye kiunganishi, kwa hiyo zifunge kwa kitanzi kilicholegea kabla ya hapo, sentimita 5 zinatosha, ili mvutano usifike kwenye risasi. Ukiagiza, agiza na kiunganishi cha akiba na kichwa cha rodi cha akiba kwenye kifurushi kilekile. Usafirishaji kutoka Marekani hadi Dar, kisha basi au treni ya kati, utakugharimu zaidi ya vile vipuri.

Lawama ya mwisho ni ya kioo cha nafasi. Kipima nafasi kimo ndani ya mota, kwa hiyo kinaonyesha mota iko wapi, siyo kibawa. Pini ya rodi ikichomoka, taa zitaendelea kupanda na kushuka kwa utiifu huku kibawa kikipeperuka. Kwa hiyo ukaguzi wa asubuhi uanzie mkiani: bonyeza kitufe, nenda nyuma ukaone kibawa kimekwenda, shika pini kwa vidole, ndipo urudi kuamini taa. Chora alama ya rangi kwenye elevata mkabala na ukingo wa kibawa kikiwa kwenye nafasi ya kupaa. Rangi ya kucha inatosha.